Yaya, nataka kuingia mu kikundi ya bantu banaacha pombe lakini Katuba yote inanijua

Jambo Yaya. Nakuandikia usiku juu mchana siko peke yangu hata dakika tano. Miye ni mama wa miaka 41, naikala Katuba, nauzisha bitenge na bilatu bya batoto ku soko, mara kwa mara naenda Kasumbalesa kuchukua bintu. Bwana yangu anatumika ku mine upande wa Kolwezi, anarudiaka mwisho wa mwezi. Tuko na bana ine.

Nakunywa lutuku Yaya, ile pombe kali ya kupikwa ku nyumba. Sikuanza na lutuku, nilianza na bia ya Simba moja-moja na bamama benzangu kisha soko, ile ya kuondoa vumbi mu koo, lakini Simba iko bei na chupa yake ni kubwa kila muntu anaona, lutuku unatia mu kachupa ka mayi, unaweka chini ya bitenge, nani atajua. Sasa nimefika fasi ya kunywa saa kumi na moja ya asubuhi, kumpala ya kuvaa. Kama sinywe mikono inatetemeka mpaka siwezi kuhesabu franka. Muteja ananipa noti ya elfu makumi mbili, nashindwa kuchomoa zile ndogo-ndogo za kumurudishia, namusukumia kamufuko namwambia jihesabie mama, miwani nimesahau ku nyumba. Miye sivaake miwani Yaya.

Mwaka jana niliambia dada mumoja wa ku kanisa kwetu, bakaniweka mu mafungo ya siku tatu, kavu, hakuna kula hakuna mayi. Siku ya pili magaribi nilianguka, mwili ukakakamaa, pofu mu kinywa, niliuma ulimi. Banasema njo pepo ilikuwa inatoka. Nilipozinduka bantu banapiga makofi na kuimba na miye niko na damu mu meno. Na niliamini, sikudanganye, niliamini kabisa. Juma moja haikupita nimerudia. Sasa bananiangalia sawa ule muntu wa mu Biblia, pepo imerudia na benzake saba.

Mudogo yangu mwanamuke anaikala Bruxelles, aliniambia ku telefone kuko bikundi bya Alcooliques Anonymes, bantu banakutana banaongea, njo ilisaidia bwana yake. Nataka kuenda. Lakini nitapata wapi mu Lubumbashi hii, na nikipata si nitakuta humo muteja wangu ao mama wa korali? Itabidi nisimame mbele ya baume niseme miye ni mulevi? Kwetu mwanaume akilewa banasema alichoka na kazi, mwanamuke akilewa unajua banasemaka nini. Tena pastere alishasema bile bikundi bisivyotaja Yesu ni mulango ya dini ingine. Na je, nisubiri niache kwanza njo niende, ao niende hivi-hivi? Naona haya kufika kule nikinuka.

Binti yangu wa miaka 15 njo anajua. Siku moja nilifungua kachupa kangu nikakuta ni mayi ya kweli, alikuwa amemwanga yote akatia mayi. Hakusema kitu na miye sikusema kitu.

Mama wa bitenge, Katuba

*

Mudogo yangu, uliniuliza juu ya kikundi na nitafika kwa kikundi, lakini acha nianze na ile siku ya mafungo, juu ukienda ku mukutano wowote na kichwa chako kinasema "nilikuwa na pepo" hautasikia hata neno moja ya bale bantu.

Ulichopata ni krizi ya kukosa pombe. Inajulikana, baganga banaisoma ku universite, iko na saa zake. Muntu mwenye kunywa kila siku, mwili wake unajizoesha: pombe inatuliza ubongo, basi ubongo unakaza kazi ili usilale, siku yote, miezi yote. Ukiikata pombe kwa ghafla ubongo unabaki umekazwa vile-vile bila kitu cha kuutuliza. Kuanzia masaa 6 ao 8 mikono inatetemeka, jasho, moyo unapiga mbio (njo ile yako ya saa kumi na moja ya asubuhi, usiku kucha haukunywa). Krizi ya kuanguka inakuyaka zaidi mu masaa 48 ya kwanza. Kisha, siku ya pili mpaka ya ine, bengine banaanza kuona bintu bisivyoko, homa, kuvurugika, na hiyo inaua muntu. Sasa hesabu mweye mwenyewe: siku ya pili, magaribi. Tena bila mayi! Sisemi bale bantu balikutakia mabaya, balikuombea na moyo mweupe, na kuomba hakukatazwe. Lakini ulikuwa mugonjwa mbele ya bantu mia na hakuna hata mumoja aliyesema tumupeleke lopitalo.

Kwa hiyo usiache pombe peke yako kwa ghafla, hata kama leo umepata nguvu, hata kama umesoma hii barua umelia. Wewe uliyeshaanguka mara moja unaweza kuanguka tena na mubaya zaidi. Kwanza munganga wa lopitalo. Juma hii, si mwisho wa mwezi bwana akirudia. Iko lopitalo Sendwe, iko Cliniques universitaires, na iko Centre Joseph Guislain, ile ya ba Frères. Najua mu kartie banaiita fasi ya bazimu, najua. Ni kituo cha magonjwa ya akili na neva, na krizi ya pombe ni ya ubongo, basi njo fasi yake, waache baongee. Ukiingia kwa munganga usifiche: mwambie ni lutuku, mwambie unakunywa kiasi gani na saa ngapi ya kwanza, mwambie ulianguka ukauma ulimi. Hiyo ya ulimi ni muhimu kuliko zote, mwambie hata kama hakuulizi. Kawaida banatoa dawa ya kutuliza, jamii ya diazepam, nyingi siku ya kwanza halafu inapungua siku kwa siku, na vitamini B1 juu pombe inaimaliza mu mwili. Tafazali usiende kununua bile bidonge mweye mwenyewe ku famasi ya kona ukachanganya na lutuku, hiyo inazimisha pumzi usiku umelala na hakuna atakayejua.

Aya. Sasa kikundi.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: enda hivi-hivi. Alcooliques Anonymes (AA) iko na sharti moja tu ya kuingia, muntu awe na hamu ya kuacha kunywa. Haikuandikwa "awe ameshaacha". Ukinuka, kila muntu mu ile chumba alishanuka kumpala yako. Kitu banaombaka tu ni kama umekunywa ile siku, ukae usikilize, uongee siku ingine. Mimi nawajua bantu balisubiri kuwa basafi kwanza, bako banasubiri mpaka leo.

Na hii kitu yenyewe ilianza na muntu aliyekuwa anatafuta kama wewe. Mwaka 1935 kule Marekani, bwana mumoja wa biashara anaitwa Bill alikuwa mu hoteli mu muji wa Akron, dili yake imeanguka, franka hana, na bar ya hoteli iko karibu anasikia kelele ya bantu. Alikuwa hajakunywa miezi kadhaa. Akaona pale mu hoteli orodha ya makanisa na namba za telefone, akaanza kupiga akiuliza kama kuko mulevi yeyote anaweza kuongea naye. Si munganga, si pastere, mulevi. Bakamukutanisha na Bob, daktari wa kupasua, ambaye alikubali kutoa dakika 15 tu juu alikuwa na hangover na hakutaka maneno. Baliongea masaa na masaa. Na sikiliza hii, wewe mwenye mikono: tarehe 10 ya mwezi wa sita asubuhi Bob alikuwa na operesheni na mikono inatetemeka, Bill akamupa bia moja ili aweze kushika kisu. Ile bia ilikuwa ya mwisho mpaka Bob alipokufa mwaka 1950. (Usinifanyie hiyo ya bia, leo iko dawa. Nakuonyesha tu kwamba ile aibu yako ya kuhesabu noti, daktari mukubwa alikuwa nayo na kisu mu mukono.)

Kutafuta sasa. Usipite mu Katuba ukiuliza-uliza, pita mu bantu banajua kunyamaza. Wa kwanza ni ule munganga ao infirmière utakayemuona, muulize wazi: mugonjwa wa pombe akitoka hapa munamutumaka kwa kikundi gani? Ba Frères vilevile. Wa pili ni sekretere wa paruasi, lakini ya komini ingine, juu hivi bikundi dunia nzima binalomba chumba kwa makanisa ao masomo, si kwamba ni bya kanisa, ni kwamba chumba iko bei nafuu jioni. Unauliza tu "hapa kuko kikundi ya AA kinapangaka ukumbi?" Akikuuliza ni ya nani sema ni ya muntu wa familia, wewe si muntu wa familia yako? Wa tatu ni telefone: kwa tovuti ya AA, aa.org, kuko fasi ya kutafuta inchi kwa inchi, namba na anwani za kuandikia. Andika kwa Kifaransa, fupi, bila jina: niko mwanamuke, niko Lubumbashi, natafuta mukutano, siku gani, saa ngapi, ni ya wazi ao ya kufungwa. Ya wazi ni kila muntu anaingia hata mwenye hanywi, ya kufungwa ni ya bale tu bako na ile shida. Kwa wewe mwenye kuogopa kuonekana lomba ya kufungwa. Na kumpala ya kupanda bisi piga tena ile siku yenyewe, juu ukumbi unabadilika, mwenye ufunguo anasafiri, mvua inanyesha, na wewe ukikuta mulango umefungwa hautarudia mara ya pili, nakujua bila kukuona.

Kama kikundi iko Katuba na unaogopa Katuba, panda bisi uende Ruashi ao Kampemba ao mu mji katikati. Unaenda Kasumbalesa kwa bilatu bya batoto, Ruashi itakushinda?

Na usiku huu huu, kumpala ya kupata ya hapa, iko mikutano ku enterneti kwa Kifaransa, ya Ubelgiji na ya Ufaransa. Mudogo yako wa Bruxelles apate kazi ya kufanya: yeye na bwana yake batafute, bakutumie link, balombe ile ya bamama peke yao kama iko. Unaingia na kamera imefungwa, jina unaandika herufi moja, ekuteri mu sikio, unasikiliza tu. Bila kamera mega haziishi sana. Angalia saa: kutoka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi saa ya Bruxelles na ya Lubumbashi ni moja, miezi ingine shiye tuko mbele saa moja, basi ya saa mbili ya usiku kwao ni saa tatu kwetu, bana bameshalala. Lakini sitaki ubaki ku telefone tu. Telefone unaweza kuzima ikikugusa, kiti ya plastike mu chumba ya bantu haizimike.

Mu chumba kunapita nini? Inafanana mahali pengi. Muntu mumoja anaongoza, anasoma karatasi, kisha kila muntu akitaka anaongea yake, jina la kwanza tu, alikuwaje, sasa ikoje. Akiongea hakuna anayemukata, hakuna anayemuhubiria, hakuna anayesema "miye ningekuwa wewe". Hiyo njo kitu napenda sana kwao, mu inchi yetu ambako kila muntu ni mushauri (na miye wa kwanza, njo kazi yangu). Ikifika kwako unasema "leo nasikiliza", banapita kwa mwengine. Hakuna wa kukusimamisha kwa nguvu useme wewe ni mulevi. Saa moja, saa moja na nusu, imeisha. Kuko kikapu kinazunguka, ni ya kulipa chumba na chai, mugeni halazimishwe kutia, na ujue hawapokee musaada ya serikali wala kampuni, wanajitegemea. Muntu akikulomba dola ya kuandikishwa, toka, hiyo si AA.

Kisha mukutano bamama bengine batakupa namba yao. Chukua. Njo sehemu ya maana zaidi, kuliko hotuba. Baadaye utachagua mumoja awe mareni wako, mwanamuke kwa mwanamuke, yule unapigia saa kumi na moja ya asubuhi kumpala mukono haujaenda ku kachupa. Na kama mukutano ya kwanza haikupendeze, baume batupu, muzee mumoja anaongea mpaka mwisho, usikate kesi na mukutano moja. Enda zingine kadhaa, hata makanisa hayafanani.

Kuonekana. Muteja wako akikukuta humo, naye alikuwa anafanya nini humo? Lakini sitakudanganya kwamba bantu ni malaika. Kanuni yao ni kilichosemwa hapa kinabaki hapa, na wengi banaifuata juu kila mumoja ameshikwa na siri ya mwenzake, ila mu mikutano ya kwanza usitoe jina la bwana, la mine, la soko. Ongea juu ya lutuku na mikono. Hiyo inatosha. Na kwa ule mama wa korali, mudogo yangu, ile siku ya makofi alishakuona ukianguka na pofu mu kinywa. Kitu gani tena unamuficha.

Pastere: AA si kanisa, haina ubatizo, haina sadaka ya kumi, haikuambie usiende kwenu Jumapili. Mu hatua zao 12 banataja Mungu "kama kila mumoja anavyomuelewa", na wewe unamuelewa kama Baba wa Yesu, hakuna atakayekusahihisha. Mwenye hamuamini naye anakaa kiti ya pembeni, hakuna atakayemufukuza. Kama pastere anauliza mwambie niko na dawa ya munganga na niko na maombi, na huku naenda kusikiliza bantu baliopita fasi nilipo. Akikataza hata hiyo, basi hapo miye nitasema wazi, fata munganga.

Na kama ulitafuta kila fasi na kikundi iko mbali kuliko unavyoweza? Sheria yao inasema balevi babili ao batatu bakikutana juu ya kuacha, bakiwa hawajafungwa na chama ingine, banaweza kujiita kikundi. Babili tu. Sikwambie uanzishe kesho, wewe kesho ni lopitalo. Nakwambia ujue kwamba ule mama mwengine wa ku soko mwenye kachupa (yuko, unamujua, munaangalianaka) anaweza kuwa kikundi yako mukishakuwa na mareni wa ku telefone wa kuwaongoza.

Bwana yako, muambie mukiwa babili, siku haukunywa sana, na usianze na "nisamehe", anza na "niko mugonjwa na nimeshaonana na munganga, nahitaji jioni moja kwa juma ya kutoka". Akitaka kujua zaidi, kuko kikundi ya bantu ba familia, Al-Anon, iko toka mwaka 1951, nayo iko na mikutano ku enterneti kwa Kifaransa, asikilize kule Kolwezi mu chumba yake.

Binti njo hawezi kusubiri mwisho wa mwezi. Mutoto wa miaka 15 aliyemwanga lutuku akatia mayi anabeba nyumba yako peke yake na hana wa kumuambia. Muite ku jikoni, si mbele ya badogo bake, umwambie: nilijua ni wewe ulimwanga, sikukasirika, haikuwa kazi yako, kesho naenda kwa munganga. Usimuahidi kwamba umeacha, ashasikia hiyo. Mwambie tu unaenda wapi na saa ngapi. Lakini kitu kimoja: mwambie asimwange tena mpaka munganga akuanzishie dawa, sasa unajua juu ya nini. Na umufundishe ukianguka afanye nini: akugeuze ubavu, asitie kijiko mu meno, aite jirani mwenye mutuka, lopitalo mbio, na pasipo makofi.

Ah, na munkoyo, kile kinywaji cha unga na mizizi, juu najua barua ijayo utaniuliza. Ile ya leo ni tamu ya kawaida lakini mizizi inaendelea kufanya kazi mu ndoo, ya siku tatu inakuwa pombe. Mukwe akikukaribisha na kikombe sema tumbo, lomba chai.